Askari wa Bornu Aliyetoka Gatina

Wananchi wote wa Gatina mnatangaziwa kwamba tangu Jumanne asubuhi kata yenu ina jeshi la wapanda farasi. Farasi bado hajapatikana. Askari ni mmoja: Ojwang, fundi wa masanduku ya shule, miaka hamsini na minane, goti bovu.

Vazi lake lilikuwa la Bornu, huko Afrika Magharibi, ambako wapanda farasi wa zamani walijikinga na mikuki kwa chuma kifuani. Binti yake Aluoch, aliyekuwa akisomea historia chuoni, alikuwa amepewa na mwalimu wake kazi ya kutengeneza nakala ya kifaa cha kale. Akamwonyesha babake picha ya vazi hilo kwenye simu.

"Baba, hii si ni sanduku tu, ila mtu ako ndani?"

Ojwang alicheka, akampima mabega kwa kamba.

Walikuwa wamefika kipande cha bati cha thelathini na moja ugonjwa wa selimundu ulipomlaza Aluoch. Wiki mbili baadaye walimzika nyumbani, Ugenya.

Ojwang aliporudi hakugusa sanduku la mteja yeyote. Wazazi wa wanafunzi walikuja, wakafoka, wakaondoka. Yeye alikata bati, akatoboa, akafunga kwa waya mpaka vidole vikakataa kukunjika. Aliogopa kitu kimoja tu: tarehe ya mwisho ya kupeleka kazi, ambayo Aluoch aliiandika kwa chaki mlangoni kwa mkono wake.

Tarehe ilipofika alilivaa vazi hilo, maana kwenye boda halikubebeka. Lilikatwa kwa vipimo vya msichana, hivyo kwake liliishia mbavuni, kitambi kikabaki nje bila ulinzi wowote.

"Baba Aluoch!" akaita Ndegwa, mwenye ploti alikopanga. "Nani ametutangazia vita? Wale matajiri wa Lavington?"

Watu wakaangua kicheko. Halafu mmoja akakumbuka msiba, akawakanyaga wenzake miguu, na kicheko kikafa.

Chuoni, kifaa cha bawabu cha kugundua chuma kilipiga kelele kuanzia shingoni hadi kiunoni. Bawabu alikikung'uta, akadhani kimeharibika, akampitisha mzee.

Mwalimu wa Aluoch, Daktari Mumbi, alilishika vazi, akavua miwani.

"Mzee, tutaliweka ukumbini, ndani ya kioo, na jina la Aluoch. Vizazi vitapita hapa vione upendo wa mzazi ulivyo, jinsi chuma kinavyoweza..."

Aliongea sana, na vizuri.

Ojwang alimsubiri amalize, kofia mkononi.

"Asante, mwalimu. Sasa amepata maksi ngapi?"