Kofia ilimkataa mume wangu tukagombania kipimo, kumbe ni mifupa!

Wakuu, asalaam aleikum. Hili limenikaa kooni, na wallahi siongezi chumvi.

Mimi ni wa Pate, nashona kofia za mkono. Kichwa cha mtu unakipima kwa uzi, kisha unashona miezi na miezi. Ukikosea kipimo, imekula kwako.

Mume wangu Athman nilimshonea ya harusi, ikamkaa sawasawa. Miaka ikapita, ikaanza kumbana. Nikalaumu wanga wa kufulia, kwamba umeikaza.

Nikashona nyingine kwa kipimo cha uzi uleule wa harusi, maana niliuweka. Ikagota kwenye paji la uso.

Akanitazama, akauliza kwa Kipate chetu. "Kitwa cha nani hiki ulichopimia?"

Jamani! Siku hiyo hata chakula sikumpakulia. Nishukiwe kwa kofia?

Mwenyewe alikuwa amejaa. Viganja vipana, taya limetoka, makubadhi kila akinunua anapanda namba. Mtaani wakimwita Pandikizi, nami nikicheka. Na mimi nikijisifu moyoni kuwa namlisha vizuri, hehe.

Sasa asubuhi moja yuko barazani anakunywa chai, akapiga chafya.

Chafya tu, wakuu!

Akaanza, "Alhamdu..." hakumaliza. Akaanguka na kikombe chake, kashika mgongo, analia. Athman huyu abebaye gunia la mchele begani bila kupumzika!

Tukamlaza kwenye boti pale gatini Mtangawanda. Kila wimbi likipiga, naye anapiga yowe. Nilisoma kila dua niijuayo, nikijiuliza kama atasimama tena.

Hospitali, X-ray ikaonyesha pingili za mgongo zimebonyea. Nikabisha. Mtu mkubwa hivi avunjwe na chafya?

Daktari, kijana wa bara mwenye adabu zake, akamgeuzageuza mikono, kisha akaniuliza mimi.

"Bi, viatu vyake vimepanda namba?"

"Ndiyo."

"Pete je?"

"Sonara aliikata, ilikwama."

"Na kofia?"

Wakuu! Nikakaa sakafuni palepale.

Scan ikatoa jibu: uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mimi nilidhani homoni hiyo ni ya watoto tu! Daktari akasema hata mtu mzima anaihitaji ili mifupa iwe imara. Ikipungua sana, mfupa unadhoofika. Ikizidi, unapanuka kwa nje, ndani hauna uimara. Ukubwa wote ule tuliousifia ulikuwa ugonjwa.

Alifanyiwa upasuaji bara, wakapitia puani. Puani! Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Alhamdulillah anatembea, polepole. Vidole vimepungua unene. Lakini mfupa wa kichwa ukishapanuka haurudi, kwa hiyo ilibidi nikate uzi mpya.

Nilipokuwa nampima aliushika uzi kwa vidole vyake. Halafu akasema, "Mke wangu, niwie radhi. Kipimo chako kilikuwa sawa."

Nililia mpaka uzi ukalowa.

Nilichojifunza: mtu mzima akianza kubadilika ukubwa wa mikono, miguu au uso, msimsifu. Mpelekeni hospitali. Ule uzi wa harusi ulituambia miaka yote ile, sisi tukakaa tunanuniana.

Haya, nani ana mtu mzima nyumbani ambaye viatu vinazidi kumbana? Semeni hapa, na tafadhali msicheke, mimi nilicheka.