Mkongo Nilioumenya

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, Wareno walituondoa kijijini kwetu, nje kidogo ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wakatuweka pamoja na watu wa vijiji vingine ndani ya uzio. Wenyewe walipaita aldeamento. Sisi tulipaita wayani. Walikuwa wakipigana na watu wa msituni, waliotaka uhuru, na hawakutaka tuwape chakula wala nguo. Baba alikuwa ameshavuka mto Rovuma kwenda upande wa Tanzania. Tulibaki mimi, mama aliyekuwa na mimba kubwa, na bibi yangu Mwanahawa, aliyemzaa mama.

Kabla ya waya, tulikuwa tukiingia msituni kama mtu anavyoingia jikoni kwake. Fito za nyumba, kamba za kufungia, ming'oko ya kula wakati wa njaa, dawa: vyote vilitoka humo. Lakini msitu ulikuwa na miiko yake, na mwiko uliomtia bibi hofu kuliko yote ulikuwa wa mti wa mkongo. Gome la mkongo, dawa ya kukata damu, huchukuliwa upande wa macheo na upande wa machweo tu.

"Ukiuzunguka mti wote," aliniambia, "nao utachukua mtu nyumbani kwako."

Alisema vile kama anayesema moto unaunguza.

Mama alijifungua mtoto wa kiume wakati wa masika. Siku ya tatu damu ilikuwa bado inamtoka nyingi, na midomo yake imepauka kama unga. Bibi alimtazama, akaenda getini kuomba ruhusa ya kuokota kuni. Alipewa karatasi: turudi kabla ya adhuhuri. Mama tulimwachia jirani.

Tulikwenda mbiombio. Chini ya mkongo bibi alimwaga unga kidogo, akanong'ona maneno yake, kisha akachuna kipande upande wa macheo. Upande wa pili aliniachia mimi, akanipa kisu.

"Kiasi cha kiganja chako, basi. Mimi nachimba mzizi pale."

Nilikuwa nimeshachuna kile kipande niliposikia malori barabarani. Malori ya askari yakija, geti lilifungwa, na mtu hakutoka tena kwa siku nyingi. Nikatazama gome mkononi. Lilikuwa dogo mno. Niliiona midomo ya mama. Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka tu kisu kikienda, na gome likivuka upande usioruhusiwa, likizunguka, mpaka nikakutana na mahali alipoanzia bibi.

Aliporudi na mzizi wake, mti ulikuwa umevuliwa kiunoni kote, mbichi, unatoa maji.

"Umefanya nini, Somoe?"

"Mama atakufa, bibi. Malori yamekuja."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichota tope kwa mikono miwili akalipaka kwenye kidonda cha mti, akavua kanga ya kichwani, akaufunga nayo mti kwa nguvu, kama anayefunga mguu wa mtu. Kisha akaweka kiganja juu ya ile kanga akasema, tena si kwa kunong'ona, "Mimi. Ni mimi Mwanahawa niliyekata."

Getini tulikuta askari wengi. Sipai mmoja, mtu mweusi kama sisi aliyewatumikia Wareno, alimtazama bibi kichwani.

"Bibi, asubuhi umetoka na kanga. Umempa nani?"

"Nimeufunga mti."

Akamtafsiria Mreno aliyesimama kando yake. Yule Mreno akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mti unavaa kanga?" akauliza sipai.

"Ulikuwa umeumia."

"Nani aliyeuumiza?"

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu kusema. Nilisimama nimekumbatia magome. Bibi hakunigeukia hata kidogo.

"Mimi," alisema. "Sasa mwacheni mtoto apeleke dawa. Somoe, uchemshe mpaka maji yawe mekundu."

Sikusikia tena sauti yake. Walimpandisha kwenye lori, kichwa wazi, yeye ambaye hata uani hakukaa bila mtandio.

Nilichemsha mpaka maji yakawa mekundu. Mama alikunywa siku mbili, na damu ikakata. Alipopata nguvu ya kuuliza, nilimwambia wamemchukua bibi kwa ajili ya kanga, wakidhani amewapa watu wa msituni. Habari ya mti sikuisema.

Kiangazi alikuja mwanamke aliyefunguliwa kutoka gereza alikopelekwa bibi. Alituambia bibi amefariki kwa homa, na ameacha neno moja: Somoe asije akaambiwa kuwa ni mti uliomchukua bibi yake. Mama hakuelewa. Alinitazama, akangoja. Nikatoka nje.

Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao bibi siku ile. Vijana wa hifadhi ya misitu huja na madaftari kutuuliza tunatumia miti gani, na hutueleza kwamba mti ukichunwa pande zote hukauka. Nawajibu najua. Mara nyingi nimejiambia kwamba waliomchukua ni watu wenye bunduki, wangemchukua kwa lolote. Naliamini hilo. Halafu namsikia akilitaja jina lake mbele ya mkongo, na siwezi kuapa kwamba hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Mama aliishi miaka mingi, akafa sijamwambia. Baada ya kumzika, nilimketisha mdogo wangu, yule mtoto wa masika, ambaye sasa ni babu wa watu, nikamweleza yote tangu kisu mpaka lori. Nilidhani atanilaumu, au atanisamehe. Hakufanya lolote katika hayo. Akauliza tu, kama mtoto, "Bibi mwenyewe alikuwaje?"

Ndipo nilipotambua kwamba hakuwahi kuambiwa; mama naye hakumtaja tena tangu siku ile nilipotoka nje. Kila habari ya bibi kinywani mwangu ilikuwa inaelekea kwenye ule mti, kwa hiyo nilizikata zote zikiwa bado mbali. Nilificha kosa langu, na yeye nikamficha pamoja nalo, kwa mtu aliyehitaji kumjua kuliko wote.

"Alikuwa mfupi," nikamwambia. "Na akicheka, alifunika mdomo."