Nani Ameingia Kwenye Chungu cha Bi Ismay?

Habari hii ni ya kweli kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Mwandishi wake yuko tayari kula kiapo kanisani, hekaluni au msikitini, popote msomaji atakapochagua, mradi baada ya kiapo kuwe na chakula.

Saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya soko la Bourda mjini Georgetown, Bi Ismay Fordyce amesimama juu ya chungu chake. Jicho la kushoto limefunikwa pamba. La kulia linatazama mchuzi kama hakimu anavyomtazama shahidi. Anachota kwa upawa, anadondosha tone kwenye kiganja, analamba. Chungu hiki hakionjwi kwa kijiko kilichogusa mdomo. Mate yakiingia, kesho kimechacha.

Analamba tena. Anakunja uso.

"Si chenyewe," anasema. "Au mimi ndiye si mwenyewe. Moja kati ya hayo."

Bi Ismay, mwenye miaka sitini na minne, ni mamalishe wa pepapoti, mchuzi wa nyama unaopikwa kwa maji ya muhogo mchungu yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi na mazito kama asali ya porini. Ndani humo huingia makongoro ya ng'ombe, miguu ya nguruwe, mdalasini, karafuu na pilipili zenye hasira. Kikichemshwa asubuhi na jioni, chungu hakiharibiki. Unakula, unaongeza, unachemsha, mwaka hadi mwaka.

Hiki kiliwashiwa moto na mama yake, marehemu Clarabel, mzaliwa wa Mto Pomeroon. Tangu hapo hakijawahi kumwagwa. Clarabel alimwachia binti yake chungu na sheria moja: ukitoa, rudisha.

"Watu wana kaburi la mama," anasema Bi Ismay. "Mimi nina hiki. Kama kimeharibika itabidi nikimwage mtaroni. Sasa nimwage nini hapo, mchuzi au mama?"

Swali hilo limemkosesha usingizi, na Krismasi ni wiki ijayo. Asubuhi ya Krismasi nusu ya mtaa hufungua kinywa kwa pepapoti yake na mkate wa kusuka. Bakuli ni dola elfu moja na mia nane za huko, na mauzo ya siku hiyo humlipia kodi ya kibanda hadi Pasaka.

Mkanganyiko ulianza alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alimkataza moto na mvuke, akaenda kukaa kwa mpwa wake, Tessa, kule Linden. Kibanda alikifunga, lakini chungu hakifungwi. Akawakabidhi majirani wawili wa miaka mingi: asubuhi achemshe Deonarine, muuza roti, yaani chapati, kwa kuwa huamka kabla ya jogoo, jioni achemshe Haji Nizam, muuza nyama ya kondoo, ambaye hufunga wa mwisho. Wote akawaambia sheria ya mama yake. Wote wakaweka mkono kifuani.

Aliporudi, alikuta moto unawaka, chungu kinachemka, sakafu imefagiwa. Akaonja. Akakaa chini.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa ulimi. Aliamini dawa ya matone aliyotiwa jichoni ilikuwa imeteremka kooni ikamharibia ladha. Alipomwuliza daktari kwa simu, alijibiwa kwamba jicho na ulimi ni idara mbili tofauti. Hakuridhika. Alilamba chumvi, ikawa chumvi. Akala roti ya Deonarine, ikawa ile ile ya siku zote, chumvi pungufu. Ulimi ukaachiwa huru.

Basi akafungua kibanda apate ushahidi wa wateja. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa, maana walisifu. Leroy, dereva wa teksi anayeegesha mbele ya kibanda, alisifu kuliko wote, tena bila kumtazama usoni.

"Anti, jicho limekufaa," Leroy alimwambia. "Ungepasuliwa zamani."

"Limefaa nini? Napika kwa jicho?"

"Mimi nasema tu, Anti. Ongeza mchuzi."

Bi Ismay akabaki na fumbo jipya. Ikiwa hiki kigeni ndicho kitamu, je, cha mama yake kilikuwa nini miaka yote hiyo? Watu walikula kwa adabu?

Asubuhi hii ameamua kufanya upekuzi. Anazamisha upawa hadi chini kabisa na kukoroga polepole, akivua. Anatoa mfupa. Anausogeza kwenye jicho zima, anaugeuza. Ni mwembamba, umepinda. Anaweka mezani, anavua mwingine, anaupachika kwenye wa kwanza. Inaingiana.

Kisha anafungua dirisha linalotazama kibanda cha pili.

"Deo, hebu njoo. Njoo unionyeshe ng'ombe mwenye bawa."

Deonarine anakuja na unga hadi kwenye viwiko. Anautazama mfupa na kutabasamu kama mtu aliyengoja pongezi siku nyingi. Anaeleza bila wasiwasi: asubuhi ya kwanza alikuta makongoro yanamwangalia kutoka chunguni. Kwao ng'ombe ni mama, na mtu hakorogi mama. Akajifunga kitambaa usoni, akayatoa moja moja kwa koleo huku akiomba radhi, akamgawia Leroy. Kisha akatia bata wake mwenyewe, kwa kipimo kile kile.

"Ulisema ukitoa, rudisha," anamkumbusha. "Nilirudisha. Tena bata wa kufugwa."

"Na hii?" Bi Ismay ameibua kipande kingine, na harufu yake haimchanganyi mtu. "Hii ni kondoo. Nayo ni yako?"

Deonarine anakana kwa miungu yake yote. Kondoo alimkuta asubuhi ya pili. Alidhani ndivyo pepapoti inavyofanya yenyewe.

Anaitwa Haji Nizam. Anafika, anaona mifupa mezani, anaona uso wa Bi Ismay, anavua kofia. Yeye hakugusa chochote, anasema. Jioni ya kwanza aliona miguu ya nguruwe, akamwita Leroy aitoe kwa mkono wake na aondoke nayo. Ndipo akarudisha kondoo, aliyemchinja mwenyewe kwa bismillahi.

"Hukushangaa kwamba hakuna makongoro?" Bi Ismay anauliza.

"Nilishangaa. Nikasema labda Bi Ismay anabana matumizi."

"Na bata?"

"Vyungu vyenu nitavijuaje, Bi Ismay? Miaka ishirini nakaa hapa, kazi yangu ni kunusa."

Nje, teksi ya Leroy inasikika ikiwashwa na kuondoka kwa haraka isiyo na abiria.

Bi Ismay hajui akasirike na nani. Mmoja ameitii sheria ya mama yake asubuhi, mwingine ameitii jioni, na kati ya utiifu huo wa pande mbili chungu kimegeuka kiumbe asichokifahamu. Tessa, aliyemsindikiza kutoka Linden, anashauri wakimwage tu waanze upya kabla ya Krismasi. Bi Ismay anashika masikio ya chungu kwa vitambaa viwili. Anakinyanyua kidogo. Anakaa hivyo muda, hamwagi wala hatui.

"Mliwahi kutoa mchuzi?" anauliza ghafla.

Wanaume wanatazamana. Hapana. Nyama tu. Mchuzi hakuna aliyeugusa.

Anakishusha. "Nyama hata mama alikuwa anabadilisha kila juma," anasema taratibu, kama mtu anayehesabu gizani. "Nyama ni wageni. Mwenye nyumba ni mchuzi."

Anamtuma Tessa sokoni akalete makongoro na miguu ya nguruwe. Krismasi chungu kitapakuliwa, anasema, na bata atakayekutwa ndani yake aliwe na aliyempata.

Haji Nizam hajaondoka. Anakohoa. Anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama sasa, kwa kuwa ndani mna kondoo wake na bata wa jirani, wao wawili hawawezi kuonja.

"Haji, mchuzi huu umelala na nguruwe na ng'ombe tangu mama yangu ana meno."

"Kweli," anasema Haji. "Basi." Na Deonarine naye anasema basi, ila macho yao yanabaki kwenye mvuke.

Hapo ndipo Bi Ismay alipopata mpango wake wa mwaka mpya: chungu cha pili, cha kondoo na bata, kwa ajili ya majirani. Tatizo ni kwamba kwa desturi chungu kipya hupewa upawa mmoja wa mchuzi wa zamani. Hiki cha majirani hakiwezi kupewa.

Kabla ya kupelekwa gazetini, habari hii ilisomwa kibandani mbele ya wahusika wote. Deonarine alisimamisha usomaji palipo na kitambaa. Hajawahi kujifunga kitambaa wala kumwomba makongoro radhi. Aliyatoa macho wazi, upesi, kama mtu mwingine yeyote. Mwandishi alijitetea kwamba aliona. Bi Ismay akauliza aliona kutoka wapi.

Faini ikatolewa pale pale: gunia la muhogo mchungu, likwaruzwe lote kwenye bati la matundu, maji yake yawe ya chungu kipya. Mwandishi amekaa kwenye kigoda tangu saa mbili na vidole vyake vimekwisha ngozi. Amejaribu kununua huruma kwa swali: chungu kisicho na upawa wa mama yake, si kitakuwa yatima?

"Kitakuwa yatima, ndiyo," anasema Bi Ismay, akimsukumia muhogo mwingine. "Na mimi je? Mbona nimekua? Kwaruza."