Siku Fundi Alipoitwa Monsieur

Jumamosi nilikuwa dukani, katikati ya Élisabethville, wiki ileile sheria ya wakoloni wa Kibelgiji ilipotufungulia sisi weusi divai na pombe kali za Wazungu. Watu walivaa koti na tai kama wanaenda misa.

Mbele yangu alisimama fundi mmoja wa reli na mke wake. Kazini huyo fundi anaitwa “boy” mpaka leo. Lutuku, ile pombe inayopikwa kwa kujificha, ilikaribia kumuua, na sasa ana zaidi ya mwaka hajaigusa. Wenzake wawili wa parokia ndio waliomsaidia: kila jioni walimsindikiza kutoka kazini kwa njia ya mbali, asipite kwa mama mpika lutuku.

Ni haohao waliokuwa wakimsukuma mbele.

“Pita, kaka! Leo tuko bantu kama Bazungu.”

“Miye niliacha,” akasema, mikono mgongoni.

“Ukikatala, batasema tuko batoto.”

Mwenye duka, Mgiriki, akafuta kaunta. “Monsieur anataka nini?”

Fundi akageuka kumtafuta nyuma yake huyo monsieur, yaani bwana wa Kizungu. Kisha akavua kofia, akaonyesha konyaki kwa kidole, na duka zima likapiga makofi.

Haki ni yetu, hilo sibishani na mtu. Ila ingeweza kuanzia kwenye mshahara, ikaanzia kwenye chupa.

Mke hakupiga makofi. Aliifunika chupa kwa kitenge, akaniambia polepole:

“Boy alikuwa anarudia ku nyumba. Huyu monsieur, sijuwe kama atarudia.”