Kiraka cha Masika

Wanaonijua watacheka. Mimi ndiye yule anayeuliza ushahidi uko wapi hata matangani. Nimesoma takwimu chuo kikuu, na mizimu sikuwahi kuipa nafasi. Lakini hili lilinitokea mimi, mchana kweupe, hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Congo.

Mama alikuwa mgonjwa, akikaa Kasese kwa mdogo wangu, na usingizi ulikuwa umemkimbia kabisa. Dawa hazikusaidia. Nikaamua kumshonea blanketi la viraka: kila binti yake atoe kipande cha nguo yake ya utotoni, alale akiwa amefunikwa na sisi. Tulikuwa watatu. Nikakaa chumba cha mbele kwa shangazi, mlango wazi, mvua inanyesha, nikaanza kuunga kwa mkono.

Akaingia mwanamke wa rika langu hivi, akaketi mkekani bila kukaribishwa. Nikadhani ni mfanyabiashara aliyevuka kutoka Congo kuja sokoni.

"Mudogo yangu, hii iko ya Mama?"

"Ndiyo. Unamjua?"

"Namujua. Lakini ya kwanza iko wapi? Umeanzia katikati."

Nikamwambia wa kwanza ni mimi. Akacheka, kama mtu anayemtania mtoto. "Na jina yako?"

Nikalitaja. 

Ndipo nikajisikia nilichokisema. Kwetu Wakonzo jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, na langu ni jina la wa pili. Nilijua kulikuwa na Masika aliyefariki akiwa mchanga, wazazi walipokuwa wakiishi Beni, Congo. Nilijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Kwenye viraka sikumtia.

Mwanamke akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kitambaa cha njano chenye ndege, akachukua sindano mkononi mwangu na kukiunga mwanzoni, kabla ya kiraka changu. Ningemzuiaje? Alikuwa na kidevu changu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akanigusa shavu.

"Umuambie Mama alale. Miye nalala muzuri."

Akatoka. Nikamkimbilia nje. Mlangoni vijana wa bodaboda walikuwa wamejikinga mvua.

"Mwanamke gani, dada? Iko wewe tu! Tulisema digrii imemuchanganya, anaongea na nguo."

Kesho yake nikalipeleka blanketi Kasese. Mama akapapasa viraka, vidole vikakwama kwenye njano.

"Hii nilimufunika nayo mimi mwenyewe. Iliingia naye kaburini. Umeitoa wapi?"

Nikamweleza, nikampa ujumbe. Akalia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo kichwani, kisha akalala palepale, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Nimetafuta maelezo. Kitambaa cha namna ile kiliuzwa kwa wengi, sivyo? Sawa. Basi nieleze kwa nini baadhi ya asubuhi kona ya kiraka kile hukutwa imelowa, kona moja tu, kama iliyonyonywa na mtoto. Mama huikausha kwa kiganja, akitabasamu.

Wewe unayepanga kushona blanketi la familia yenu, usihesabu walio hai peke yao. Muulize mama yako kwa upole, na usubiri ajibu. Ukimsahau mmoja, huenda akaja kujishonea mwenyewe. Akija, usimbishie. Mpe sindano.