Rangi ya Shati la Babu

Pa. Mpaka leo nausikia ule uzi ukigonga ubao. Jirani yetu pale Ifakara, fundi vitanda, aliupaka uzi unga wa mkaa, mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, kisha akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Ukabaki mstari mweusi ulionyooka. Tukapiga ya kusimama, tukapiga ya kulala, mpaka ubao mzima ukawa vyumba vyumba kama daftari la hesabu.

Vitanda ndiyo kazi yake. Kuchora ilikuwa raha yake tu, na hakuna aliyemfundisha. Bibi alimpelekea picha ndogo ya babu, ya studio, aikuze ubaoni. Fundi akaigawa vyumba vilevile kwa penseli, akaifunika kwa karatasi yenye tundu, abaki anaona chumba kimoja tu. Nami sikuweza kunyamaza.

"Leo unachora pua ya babu?"

"Sichori pua. Nachora kilichomo kwenye hiki chumba. Pua itakuja yenyewe."

Na kweli ilikuja. Siku moja nimetoka kupepeta mchele, pumba zimenijaa nyweleni, nikakuta babu ananitazama toka ubaoni, na tulishamzika mwaka uliopita. Nikajikuta nimempa shikamoo. Fundi alicheka mpaka akamwaga mafuta ya taa ya kusafishia brashi.

Shida ikawa shati. Ile picha haikuwa ya rangi.

"Mama, hili shati lilikuwa rangi gani?" fundi akamuuliza bibi.

"Bluu." Bibi akafikiri. "Hapana. La bluu lilikuwa la kaka yake." Akakaa juu ya mbao. "Nimelifua miaka yote hiyo. Nalisahauje? Basi, weka yoyote."

"Siweki. Nikikosea, kila ukimtazama utaona mgeni."

Akauegemeza ubao ukutani. Nilijua bibi anaogopa nini: leo kasahau shati, kesho sauti.

Kwetu msiba ukiisha, ndugu hugawana nguo za marehemu. Lile shati lilikwenda kwa mpwa wake babu, kule kijiji cha Mbingu. Bibi akamtumia salamu kwa dereva wa lori la mpunga, na baada ya siku nne shati likaja limefungwa kwenye gazeti.

"Amesema lirudi upesi," dereva akasema, "ndilo analolimia."

Lilikuwa limepauka kama jivu, huwezi kusema bluu wala nini. Bibi alilinusa, likanuka jasho la mtu mwingine. Akaliacha juu ya kitanda ambacho hakijaisha, akaenda zake jikoni.

Mimi nikabaki nalipekua, ukosi, vifungo, mfuko. Nikawaza, jua limepiga kote, lakini chini ya mfuko liliingilia wapi? Nikachukua wembe, nikafumua kona moja. Ndani kulikuwa na kijani, kile cha miche ya mpunga kabla haijang'olewa kitaluni. Nikamwita bibi. Akaweka kidole pale.

"Alilinunua Mahenge," akasema taratibu, "tulipokwenda kumbatiza mama yako. Mvua ilitunyeshea njia nzima."

Fundi akachanganya njano na bluu kwenye kifuniko cha kopo, tone kwa tone, akilinganisha na ile kona, na bibi amemsimamia kichwani.

Siku hizi picha zinatoka na rangi zake zote na zinalala ndani ya simu, hakuna anayekuuliza shati lilikuwaje. Fundi alihamia Mngeta. Bibi hayupo tena. Ubao wenyewe mchwa waliula kuanzia chini, kwa hiyo walianza na shati.

Siku shati lilipokuwa linarudi Mbingu, bibi alinipa sindano niushone ule mfuko kabla lori halijafika. Nilikaa peke yangu kibarazani, nikashona mishono yangu ya kitoto, mirefu mirefu. Nilipobakiza mmoja, nikaingiza kidole, nikachungulia tena.