Neno Lililobaki Kwenye Simu ya Marehemu

Mume wangu alikuwa fundi wa vitanda kule Keko, na kitu kilichomkera kuliko vyote ni wateja wanaoanza kusemezana Kiingereza mbele yake wakati wa kupatana bei. Akaweka mchezo kwenye simu ajifunze. Unapewa herufi sita kwenye duara, unaziunganisha kwa kidole, unatoa maneno ya Kiingereza yanayopatikana humo. Ukipatia, simu inalia kling' na maana ya neno inatokea chini. Kila jioni akirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi alinisomea maana hizo kwa sauti nzito, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na mie nilikuwa nacheka mpaka mboga inaungua.

Herufi zake za mwisho zilikuwa A, E, L, P, S na T. Alishatoa petals, yale majani ya ua yenye rangi. Alishatoa staple, pini ya kubania karatasi, na pastel, zile rangi zilizopoa. Pleats nilimtajia mie, maana ni marinda, na sketi ya marinda niliivaa shuleni mpaka nikaichukia.

"Limebaki moja tu, mke wangu," akaniita jioni hiyo. "Njoo tulitafute."

Nilikuwa uani naosha vyombo, nikamwambia tutalitafuta kesho. Alfajiri kifua kikambana. Alasiri wanaume wakatoka naye kwenda kumzika.

Nikaingia eda. Miezi minne na ushee mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mama mkwe na wifi yangu walihama kwao Vingunguti wakaja kukaa nami Chamazi ili nisiwe peke yangu. Na eda sikuwa na ugomvi, ni amri na niliipokea. Ugomvi wangu ulikuwa na wifi, aliyejipa kazi ya kuisimamia kama askari wa gereza. Alinusa sabuni yangu ya kuogea akaiondoa, nikabaki na sabuni ya mche. Alifunga dirisha la barabarani eti wapita njia wananiona. Siku za mechi uwanja wa mpira wa hapo Chamazi ulipolipuka kwa kelele hadi mabati yakatetemeka, nilitamani hata kujua nani kafunga, lakini nikisogea tu dirishani nasikia nyuma yangu, "Wifi, una eda wewe." Nilikuwa nakosa pumzi mle ndani. Nilimchukia, na sioni haja ya kuficha.

Kitu pekee kilichokuwa changu ni ile simu. Nilikuwa naingia nayo kwenye neti, nafungua mchezo, na herufi zile sita ziko palepale alipoziacha. Neno lililobaki nililiona wiki ya kwanza. Plates. Sahani, ndizo nilizokuwa nazisugua aliponiita. Sikuliweka. Nikiliweka tu, mchezo ungefuta herufi zile na kuleta nyingine ambazo yeye hakuwahi kuzigusa. Basi nikawa natoa vineno vya pembeni, vile ambavyo mchezo unavipokea bila kusogea mbele. Salt, chumvi. Seat, kiti. Tape, utepe. Simu inalia kling', nami naisikia sauti yake ya utangazaji, nacheka peke yangu. Halafu natoa salt tena. Nilijua kabisa kwamba hicho nacho ni kifungo, ila hiki nilikuwa nimejifunga mwenyewe na sikutaka mtu anifungulie.

Sasa fikiria mjane yuko kwenye eda, kajifungia chumbani, simu inalia kling', kling', na yeye anacheka. Wifi alivumilia, nadhani kwa shida, mpaka siku moja baada ya adhuhuri akaja akaivuta neti.

"Unachati na nani?"

"Sichati."

"Kaka yangu hata kaburi halijakauka, nawe ushapata mwanaume wa kukuchekesha?"

Nikaikumbatia simu kifuani. Kuikumbatia ndiko kulikoniponza, maana hata mama mkwe, aliyekuwa kakaa kwenye mkeka na tasbihi yake, akainua uso. "Mwanangu," akasema taratibu, "mpe aangalie, yaishe." Mama wa marehemu akisema hivyo utamjibu nini? Nikampa. Nikamwomba tu wifi asibonyeze kitu kwenye ule mchezo, na ombi langu likamfanya aone kwamba humo humo ndimo nilimoficha mambo.

Akasimama mlangoni akibonyeza. Kwenye kona ya mchezo kuna picha ya taa, ukiigusa inakuwekea yenyewe neno lililokushinda. Niliona kidole chake kikienda huko nikasema, "Wifi, tafadhali." Simu ikalia, safari hii mlio mrefu wa kushangilia ambao sikuwahi kuusikia tangu nibaki peke yangu. Herufi zikatawanyika, zikaja nyingine. Kulikuwa na O, na M. Sikutazama zaidi.

Siku ya msiba nililia kama watu wanavyolia, kwa adabu. Siku hii nilipiga ukelele hadi majirani wakaja mlangoni. Nilianguka kwenye mkeka, mama mkwe akanishika kichwa, wifi akabaki kasimama na simu mkononi, amenywea.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Kuna mtu humu. Umemlilia hivi, ni nani?"

"Kaka yako," nikamwambia.

Akaitazama tena ile simu ya kaka yake, na mchezo wake. Kisha akainama, akaiweka mkekani karibu na mkono wangu, akaenda akafungua dirisha la barabarani.